Mama Lugano Apanda Basi

Tupokigwe aliamka alfajiri kama kawaida yake. Aliwasha moto, akateleka maji ya chai, kisha akaenda migombani. Kisondela ni nchi ya mvua na ukungu. Asubuhi majani ya migomba hudondosha maji hata kama mvua haikunyesha. Alikata mkungu wa ndizi, akaubeba mpaka jikoni, akaketi kumenya.

Mumewe, Ndimyake, alirudi kutoka kuwakatia ng'ombe majani. Aliweka mzigo chini na kujinyoosha mgongo.

"Ukungu wa leo umekaa sana, Baba Lugano," Tupokigwe alisema. "Hata mlango wa zizi siuoni."

Ndimyake alitazama nje. Jua lilikuwa linawaka. Parachichi zilikuwa ziking'aa mtini, na ng'ombe alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi akicheua.

"Ukungu gani?" aliuliza. "Ukungu umeondoka zamani."

Tupokigwe aliendelea kumenya ndizi kwa kupapasa, kichwa kimeinama.

Ndimyake alisimama akimwangalia. Sasa mambo mengi aliyoyaona yalianza kuungana. Maharage ya siku hizi yalikuwa na mawe, na mkewe alikuwa mtu wa kuchambua maharage vizuri. Kanisani alikuwa amemkumbatia mke wa mchungaji akidhani ni dada yake. Juzi alishika sufuria ya moto badala ya kifuniko, akaungua vidole. Alisema ni haraka tu.

"Mama Lugano," Ndimyake alisema kwa upole, "tangu lini huoni?"

"Naona," alijibu. "Naona kidogo."

Kesho yake walipanda bodaboda hadi hospitali ya Makandana, mjini Tukuyu. Kwenye chumba cha macho walimkuta Nesi Felista. Felista alikuwa jirani yao. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, na kila Jumapili walikutana njiani wakienda ibadani. Alimsalimu Tupokigwe kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti, akammulika macho kwa tochi ndogo. Baada yake daktari naye alimpima. Walipomaliza, daktari aliandika, na Felista akakaa nao kuwaeleza.

"Mama, una mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili yana tatizo hilo."

"Mtoto wa jicho ni nini hasa?" Ndimyake aliuliza.

"Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo. Mwanga hupita hapo. Mtu akiwa na umri mkubwa, kioo kile huanza kuingia ukungu, kama dirisha la jikoni likipigwa na mvuke. Dirisha unalifuta kwa kitambaa. Hiki hakifutiki. Hakuna dawa ya matone ya kukisafisha, na majani ya kukamulia machoni huumiza tu. Lakini tiba ipo. Daktari hukitoa kioo kile chenye ukungu, akaweka kingine safi."

"Wataling'oa jicho?" Tupokigwe aliuliza.

"Hapana, mama. Jicho linabaki palepale. Watalitia ganzi, hutasikia maumivu. Watu wengi huona vizuri baada ya hapo."

Tupokigwe alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alitabasamu.

"Basi nifanyieni," alisema.

"Upasuaji wako utafanyika Mbeya. Daktari ameshaandika barua ya rufaa."

Tabasamu lilipotea.

"Mbeya?"

"Ndiyo, mama. Utapanda basi hapo stendi, hata si safari ndefu."

Tupokigwe alifunga vizuri kanga yake na kusimama.

"Siendi," alisema. "Ndaga, mwanangu. Asante kwa kunipima. Twende nyumbani, Baba Lugano."

Felista alimgeukia Ndimyake apate maelezo. Ndimyake alikuwa anatazama sakafu.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Felista alivuka kijito akaja nyumbani kwao. Alimkuta Tupokigwe peke yake, anatenganisha majani ya chai aliyochuma. Alikaa naye, akamsaidia.

"Mama, unaogopa upasuaji?"

"Siogopi upasuaji."

"Unaogopa nini?"

Tupokigwe alisema polepole, "Naogopa basi."

Akamweleza. Tangu utotoni gari lilikuwa linamchafua roho. Gari likianza kupanda milima na kukata kona, mate yanajaa mdomoni, jasho la baridi linamtoka, kisha anatapika. Miaka ya nyuma, binti yake Lugano alipokuwa anaolewa Mbeya, alipanda basi na mumewe. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, watu wasimwone. Kabla hawajafika Kiwira alitapika. Alijitahidi kutapikia kwenye mfuko, lakini mfuko ulipasuka. Viatu vya abiria mmoja vilichafuka. Watu walianza kusema. Mmoja alisema amelewa. Mwingine aliuliza kwa sauti, mama huyu amekuja na nani.

"Na Baba Lugano?" Felista aliuliza.

"Alihamia kiti kingine," Tupokigwe alisema. "Hakujibu."

Upepo ulitikisa migomba.

"Hatujawahi kulizungumza," Tupokigwe aliendelea. "Lakini tangu safari ile sijapanda basi. Lugano amezaa mtoto huko Mbeya. Mjukuu wangu anatembea sasa. Namwona akiletwa tu. Nyumba ya binti yangu siijui."

"Na kwenye bodaboda, mama? Mbona leo umepanda na hukutapika?"

Tupokigwe alifikiri. Hakuwahi kujiuliza swali hilo.

"Bodaboda hainisumbui," alikubali. "Hata nilifikiri nipande bodaboda mpaka Mbeya."

"Hapana, mama. Mbali kule, na mvua hizi ni hatari. Halafu ukishapasuliwa, vumbi na upepo vitaingia jichoni. Basi ndilo litakalokufaa. Ila hebu niambie. Siku ya kusafiri ulikuwa unakula nini?"

"Sili kitu. Nafunga tangu jana yake, nisiwe na cha kutapika."

"Na ukiwa ndani ya basi?"

"Nakaa nyuma. Nainamisha kichwa kwenye mfuko."

Felista alicheka kidogo, si kwa dharau. "Mama, pole sana. Ulikuwa unafanya yote yanayozidisha ugonjwa, na ulifanya kwa sababu ya aibu."

Akamweleza kwa maneno mepesi. Ndani ya sikio, alisema, kuna sehemu inayotambua kama mwili unakwenda au umesimama. Basi likikata kona, sikio linaupa ubongo habari kwamba tunasogea, tunainama. Lakini mtu akiinamia mfuko, macho yanaona mfuko umetulia. Yanasema tumekaa tu. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Unavurugika, na tumbo linavurugika nao. Kwenye bodaboda mtu anaona njia mbele yake, kwa hiyo macho na sikio vinasema jambo moja.

"Ndiyo maana dereva hatapiki," Felista alisema. "Yeye anaiona kona kabla haijafika."

"Kumbe si kulogwa," Tupokigwe alisema taratibu. Jirani mmoja aliwahi kumwambia hivyo, na neno hilo lilikuwa limemkaa moyoni.

"Si kulogwa wala si ulevi, mama. Wako watu wengi sana wenye hali hii. Wengine huzoea wakipanda gari mara kwa mara, safari fupi fupi."

"Hakuna dawa ya kumeza?"

"Zipo. Lakini usijinunulie tu dukani. Nyingine zinaleta usingizi mzito, na nyingine hazimfai kila mtu mwenye matatizo ya macho. Ikibidi, tutamwuliza daktari. Kwanza tujaribu bila dawa. Tutafanya mazoezi. Tutapanda basi mpaka Kiwira tu, halafu tutarudi. Utakula kidogo kabla ya safari, chakula kisicho na mafuta mengi. Utakaa mbele na kutazama mbali."

Ndimyake alikuwa amesimama nje ya mlango na mzigo wa majani begani. Hawakujua amesikia kiasi gani. Aliingia, akaweka mzigo chini.

"Mimi nitakwenda nanyi," alisema.

Jumamosi walikwenda stendi ya Tukuyu. Tupokigwe alikuwa amekunywa chai na kula vipande viwili vya ndizi za kuchemsha. Felista alichagua basi dogo ambalo halijajaa. Konda alikuwa kijana mchangamfu aitwaye Obed.

"Shikamoo, mama. Karibu. Mbeya?"

"Kiwira," Felista alijibu. "Tunataka siti ya mbele."

Tupokigwe alikaa nyuma ya dereva, karibu na dirisha. Felista alikaa pembeni yake na kumwonyesha jinsi ya kufunga mkanda. Ndimyake alikaa upande wa pili. Dirisha lilifunguliwa kidogo, hewa baridi ikaingia. Basi lilitoka.

Mwanzoni ilikuwa nafuu. Tupokigwe aliinua uso kama alivyoelekezwa. Lakini basi lilipoanza kona, aliikodolea macho barabara. Aliona weupe tu. Kona zilikuja bila taarifa. Mara mwili ulitupwa kushoto, mara kulia. Mate yalimjaa. Alishika mkono wa Felista kwa nguvu, na walipofika Kiwira alishuka haraka, akatapika kando ya barabara.

Alikaa juu ya jiwe. Felista alimpa maji ya kusukutua.

"Nilikuambia," Tupokigwe alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Acheni tu. Nitakaa na macho yangu haya haya."

Felista aliuma mdomo. "Kosa ni langu," alisema. "Nilikwambia utazame mbali, na mbali ndiko usikokuona. Macho yako hayaioni kona. Labda ufumbe macho na kuegemeza kichwa. Wengine huwasaidia."

Ndimyake alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa alisogea, akachutama mbele ya mkewe.

"Barabara naiona mimi," alisema. "Wakati wa kurudi nitakaa karibu yako. Kona ikija, nitakuambia kabla haijafika."

Tupokigwe alimgeuzia uso. Hakuweza kumwona vizuri, lakini alisikia katika sauti yake kwamba alikuwa anamaanisha.

Basi la Obed liliporudi kutoka Mbeya walipanda tena, na Felista alihama kiti. Ndimyake alikaa kando ya mkewe, akaanza kusema kwa sauti ya chini.

"Kona inakuja. Kulia. Sasa inaisha. Mbele kumenyooka. Kuna tuta, litatutikisa. Haya, mteremko. Kona ya kushoto, ndefu kidogo."

Tupokigwe aliegemeza kichwa kwenye kiti. Akisikia kulia, alijiandaa kwa upande ule. Akisikia tuta, alikaza miguu. Mwili wake ulianza kwenda pamoja na basi badala ya kutupwa nalo. Roho ilichafuka kidogo, kisha ikatulia.

Obed alikuwa anasikiliza. Kwanza alitabasamu, akadhani ni mchezo. Felista alipomweleza, na yeye alianza kusaidia.

"Mama, hapo mbele dereva anashusha abiria. Tunasimama."

Walifika stendi ya Tukuyu. Tupokigwe alishuka taratibu, akasimama, akasubiri. Hakutapika. Kizunguzungu kilikuwepo, lakini kilikuwa kidogo.

"Nina njaa," alisema.

Felista na Ndimyake walicheka, na yeye akacheka.

Baada ya hapo Tupokigwe na mumewe walikwenda Kiwira tena, wao wawili tu. Halafu walifika Isongole, kwenye mashamba ya viazi, ambako baridi ilimfanya ajifunike kanga mbili. Walikunywa chai kibandani na kurudi. Siku nyingine mvua ilinyesha na madirisha yote yalifungwa. Joto na harufu ya mafuta vilimzidi, akatapika kwenye mfuko mgumu aliopewa na Felista. Ndimyake alimshikia mfuko ule, akaufunga vizuri, na waliposhuka akautupa kwenye pipa la taka. Tupokigwe alitarajia kukata tamaa. Lakini usiku alilala vizuri, na asubuhi aliuliza watapanda tena lini.

Siku ya kwenda Mbeya ilifika. Stendi ilikuwa na watu wengi. Walimu, wachuuzi, wanafunzi wa chuo, akina mama na vikapu vya maparachichi, wote walikuwa wanaelekea mjini. Basi walilopanda halikuwa la Obed, na viti vya mbele vilikuwa vimeshapata watu. Nyuma ya dereva alikaa bwana mmoja mwenye koti, anasoma simu yake.

Tupokigwe, kwa mazoea ya zamani, alianza kupapasa kwenda nyuma. Alisikia mkono wa mumewe umemshika.

Ndimyake alisafisha koo. Alisema kwa sauti ambayo basi zima liliisikia.

"Samahani, ndugu yangu. Huyu ni mke wangu. Gari humchafua roho asipokaa mbele, na tunakwenda hospitali. Tunaomba utupishe."

Bwana yule aliinua kichwa. Alisimama bila kusita.

"Kaa, mama. Hata mimi mtoto wangu ana hali hiyo hiyo."

Kijana aliyekuwa karibu naye alisimama pia, ili Ndimyake apate pa kukaa. Hakuna aliyenung'unika. Tupokigwe alikaa na kufunga mkanda. Maneno ya mumewe yalikuwa bado masikioni mwake. Miaka yote aliogopa swali lile, mama huyu amekuja na nani. Leo limejibiwa mbele ya watu, hata kabla halijaulizwa.

Safari ilikwenda vizuri mpaka walipopita Isongole. Hapo dereva alianza kukimbia. Aliona basi lingine nyuma yake na hakutaka lipite. Kona zilikuja haraka kuliko maneno ya Ndimyake. Vikapu vilisogea, mtoto mmoja alilia. Abiria walitazamana, lakini kila mtu alimsubiri mwingine aseme.

Tupokigwe alihisi mate yanajaa. Zamani angeinamia mfuko. Sasa aliinua uso.

"Mwanangu dereva," alisema, "tunaomba upunguze mwendo. Mimi ni mgonjwa, na humu tuna watoto."

"Tuna haraka, mama," dereva alisema.

"Tufike salama kwanza," bwana mwenye koti alisema kutoka nyuma. "Mama amesema kweli. Punguza."

"Punguza, dereva," wengine waliitikia. Mwalimu mmoja alisema kwamba abiria wana haki ya kumwonya dereva, na akikataa wanaweza kutoa taarifa kwa askari wa usalama barabarani. Dereva alipunguza. Basi la nyuma lilipita. Ndimyake alirudi kwenye kazi yake.

"Kulia. Haya. Sasa kumenyooka."

Walishuka Mbeya. Tupokigwe alikuwa amechoka, jasho limemtoka, lakini mfuko wake ulikuwa mtupu na mkavu. Lugano aliwapokea stendi. Alimkumbatia mama yake na hakutaka kumwachia.

"Sikuamini," alisema. "Niliposikia unakuja na basi, sikuamini."

Kutoka stendi walipanda daladala kwenda kwa Lugano, karibu na Mwanjelwa. Lugano alishona nguo kwenye kibanda sokoni, na mumewe alifanya kazi upande mwingine wa jiji. Alimweleza mama yake kwamba huku watu wote wanaishi kwa daladala. Mtoto anakwenda shule kwa daladala. Mgonjwa anakwenda hospitali, fundi anakwenda kazini, bibi harusi anakwenda saluni, wote ni daladala.

"Ukikaa na kuliogopa gari," Lugano alisema, "mji huu utakuwa chumba kimoja tu kwako."

Upasuaji ulifanyika kama Felista alivyosema. Walianza na jicho la kulia, wakalitia ganzi. Tupokigwe alisikia sauti ya daktari na mlio mdogo wa mashine. Hakusikia maumivu. Lilifungwa bandeji, akarudi kwa Lugano. Kesho yake walipanda tena daladala kwenda hospitali, asubuhi na mapema kabla vituo havijajaa, akakaa mbele.

Daktari alifungua bandeji. Alimwambia asiharakishe kufungua jicho. Mwanga ulimwingia kama maji baridi. Aliona ukuta. Aliona saa ukutani. Kisha akamwona mtu mzima amesimama mlangoni, ameshika kofia mikononi. Alimtazama kwa muda.

"Baba Lugano," alisema, "kichwa chako chote kimekuwa cheupe."

"Kimekuwa hivyo zamani," Ndimyake alijibu. Kisha akageuka upande, akajifanya anaangalia dirishani.

Walikaa kwa Lugano mpaka daktari aliporuhusu safari. Alimwambia asiguse jicho, asiinue mizigo mizito, atie matone kama alivyoandikiwa, na arudi kliniki kwa tarehe aliyopewa. Wakati wa kurudi Tukuyu, Tupokigwe alivaa kinga ya jicho na kukaa mbele. Dirisha la kwake walilifunga kwa sababu ya vumbi. Aliitazama barabara mwenyewe. Aliona kona, milima, mashamba ya viazi yaliyopangwa kama kitambaa cha mistari. Ndimyake alisinzia kwenye bega lake, na yeye hakumwamsha.

Habari zilienea Kisondela. Mwanamke mmoja aitwaye Anyitike alikuja kumtembelea. Yeye alikuwa ameacha kuhudhuria kliniki ya presha Mbeya kwa sababu hiyo hiyo ya kutapika. Tupokigwe hakuficha kitu. Alimweleza kiti cha kukaa, chakula cha kula na mahali pa kutazama. Alimwambia amwulize Nesi Felista kabla ya kumeza dawa yoyote. Halafu akampeleka mwenyewe mpaka stendi na kumtafutia siti.

"Ukijisikia vibaya, sema," alimwambia. "Usijifiche. Watu wakijua, wanasaidia."

Tarehe ya kliniki ilipokaribia, ng'ombe wao alikuwa anakaribia kuzaa. Ndimyake alisema atamwomba jirani amwangalie, ili amsindikize mkewe.

"Baki na ng'ombe," Tupokigwe alisema. "Nitakwenda peke yangu."

"Peke yako mpaka Mbeya?"

"Nikishuka stendi, nitampigia Lugano simu aje kunichukua."

Ndimyake alitaka kubisha. Alimwangalia, akaona hakuna haja.

Safari ilikuwa tulivu. Tupokigwe alikula ndizi kidogo kabla ya kutoka, akaomba siti ya mbele, akapewa. Alizungumza na jirani yake wa kiti juu ya bei za chai na mvua za mwaka huu, huku macho yake yakiwa barabarani. Waliposhuka Mbeya alitoa simu kwenye kibeti ili ampigie binti yake.

Hapo daladala zilikuwa zimepanga foleni. Kila moja ilikuwa na mstari wa rangi ubavuni, na maneno yameandikwa mbele, juu ya kioo. Tupokigwe alisimama na simu mkononi. Alizitazama. Shuleni alifika darasa la saba, lakini ilikuwa miaka mingi hajasoma kitu chochote kilicho mbali na pua yake. Alisoma herufi kwa herufi, midomo ikimchezacheza. Daladala ya kwanza ilikuwa ya upande mwingine. Ya pili haikuwa yake. Ya tatu ilikuwa imeandikwa Mwanjelwa.

Alirudisha simu kwenye kibeti.

"Unapita Mwanjelwa sokoni?" alimwuliza konda, apate uhakika.

"Napita, mama. Ingia."

"Naomba siti ya mbele. Na unishushe kituo cha sokoni."

Alikaa, akatazama mji ukipita. Aliona maduka ya vitambaa, mafundi wa baiskeli, wanafunzi waliovaa masweta, mama mmoja anakimbia na mtoto mgongoni kuwahi gari, na gari likamsubiri. Alipoona paa kubwa la soko, alisema kabla konda hajaita.

"Nishushe hapo."

Alishuka, akangoja gari liondoke ndipo avuke. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Kisha alifuata njia aliyopita na Lugano mara ile.

Lugano alikuwa uani anaanika nguo. Mwanawe alikuwa anacheza na vibanio. Alisikia hodi, akageuka, akamwona mama yake amesimama na kikapu cha ndizi. Alichungulia nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Mama! Mbona hukupiga simu? Umekuja na nani?"

Tupokigwe aliweka kikapu chini, akamnyanyua mjukuu wake na kumtazama usoni vizuri.

"Nimekuja na daladala," alisema.